Kabla Hujatia Jina Lako

Mpwa wangu mpenzi Mwanaisha,

Natumai baridi ya huko Nairobi haijakulaza kitandani. Sisi huku Mombasa hatujambo. Bibi yako alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na sasa anasoma msahafu bila kumwita mtu amsogezee taa. Bendeji ilipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza Mwanaisha atakuja lini. Mama yako ameshaanza kukusanya vitu vya arusi ya kaka yako, kidogo kidogo, na kila akitoka sokoni Marikiti hupitia dukani kwangu kunionyesha alichonunua. Usichelewe kuomba ruhusa kazini, maana yeye hesabu yake yote ameijenga juu yako.

Sasa nije kwenye lile ulilonieleza kwa simu. Kwamba wakubwa wako wamekukabidhi kazi ya kupitia viraka vya keneli vinavyoandikwa na timu yenu kabla havijapelekwa kwa wasimamizi wa Linux, hilo lilinijaza furaha mpaka nikamwambia kila aliyeingia dukani siku ile. Lakini ulisema na jambo jingine, na ulilisema kwa wepesi. Kiraka cha kwanza ni mstari mmoja tu. Mwenzako ameongeza namba ya modemu yenu mpya ya 4G kwenye jedwali la draiva ya option, msimbo unajengeka bila onyo, umeuangalia mara moja, na utatia Reviewed-by yako, ile saini ya mkaguzi, upelekwe.

Nakuomba usitie bado. Simu haitoshi kwa maneno haya, ndiyo sababu nimekaa nikaandika. Na wenzako wakitaka kusoma begani pako, waache wasome.

Mstari wa namna hiyo ni madai juu ya mashine za watu ambao hutawaona maishani. Unaiambia keneli: popote duniani kitakapochomekwa kifaa chenye namba hii, draiva hii ikishike. Na mstari huo husafiri haraka, kwa sababu kanuni za matoleo imara ya Linux zinaruhusu wazi namba mpya za vifaa zirudishwe kwenye keneli za zamani ambazo hazipokei vipengele vipya. Kwa hiyo kosa lililomo ndani yake litaingia pia kwenye mashine za watu waliokaa na toleo la zamani kwa makusudi, wakitafuta utulivu.

Mimi nilijifunza kuziheshimu namba hizi kwa kusoma zilikotoka. Zamani kompyuta haikuwa na njia ya kukiuliza kifaa jina lake. Enzi za kadi za ISA, draiva ya kadi ya mtandao ilikwenda kwenye anwani kama 0x300, ikaandika kitu, ikasoma kilichorudi, na kikifanana na inachokitarajia ikajihesabu imefika. Ilikuwa ni kuingia nyumba za watu bila kupiga hodi. Kama kwenye anwani ile palikuwa na kadi nyingine, maandishi yale yalikuwa amri kwake, na mashine iliweza kuganda papo hapo. Linux ikalazimika kuwa na kigezo cha wakati wa kuwasha, reserve=, ili mwenye mashine aikataze keneli kugusa anwani fulani.

Kisha Intel ikaleta PCI mwaka 1992, na kila kifaa kikapewa sehemu ya kujitambulisha yenye baiti 256. Baiti mbili za kwanza ni namba ya mtengenezaji, mbili zinazofuata ni namba ya kifaa. Namba ya Intel ni 8086, ukumbusho wa prosesa yao ya mwaka 1978. Draiva zikaacha kubahatisha, zikawa zinasoma tu.

Ila hata kusoma kuna adabu yake, na ningependa ufungue faili la drivers/pci/probe.c ulitazame mahali pamoja kwa utulivu. Keneli husoma baiti nne za kwanza za kila nafasi. Nafasi ikiwa tupu, biti zote hurudi moja, yaani 0xffffffff. Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Msimbo ule hauishii hapo. Unakataa pia 0x00000000, unakataa 0x0000ffff, unakataa 0xffff0000, na juu yake kuna maoni mafupi yanayosema kwamba bodi fulani mbovu hurudisha sifuri au moja tupu nafasi inapokuwa haina kitu. Halafu kuna hali nyingine: kifaa cha PCIe ambacho kipo lakini bado kinaamka kinaweza kurudisha 0x0001 mahali pa namba ya mtengenezaji, na maana yake ni kuomba kisubiriwe. Keneli husubiri kidogo, ikauliza tena, ikiongeza muda wa kusubiri maradufu kila mara, mpaka sekunde 60 ndipo ikate tamaa. Sentensi moja ya kuuliza "nani yuko hapo?" imezungukwa na uangalifu wote huo. Watu walioandika pale waliwafikiria wenye bodi mbovu na wenye vifaa vizito kuamka, wakawapa nafasi.

Njia nyingine za kuunganisha vifaa hazikubahatika kuwa na utambulisho kama huo. I2C hadi leo haina namba ya mtengenezaji ambayo kila kifaa hulazimika kuwa nayo, kwa hiyo anayetafuta vipimajoto na vifaa vingine vidogo huko hulazimika kugusa anwani moja moja aone nani ataitika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu ya kutafuta vipimajoto iliwaletea msiba wenye ThinkPad za IBM. Baadhi ya mashine zile zilikuwa na kihifadhi kidogo cha kumbukumbu, 24RF08, na ile namna ya kugusa tu, ambayo kwa vifaa vingine haikuwa na madhara, ilikiharibu kilichoandikwa ndani. Mwenye mashine akizima na kuwasha anakuta haiwaki, inalalamika juu ya hesabu ya ukaguzi, na ni lazima ipelekwe kutengenezwa. Nenda ukasome draiva ya i2c-piix4. Utakuta ikitambua kwamba mashine ni ya IBM inakataa kupakiwa, na inaandika sababu kwamba inaweza kukiharibu kihifadhi hicho. Jedwali lile dogo la utambulisho liliwekwa kuzuia mkono usifike. Mara nyingi tunaongeza namba ili draiva ishike kitu. Ukiwa mkaguzi kumbuka pia kuuliza kama kuna kitu haifai kukigusa kabisa.

Nije sasa kwenye modemu, maana hapo ndipo penye kazi yako, na hapo mimi nimekula chumvi nyingi.

Miaka ile modemu za 3G za USB zilipoenea hapa pwani, watu waliniletea dukani laptopu zenye Linux wakisema modemu haisomi. Ukiichomeka inajitokeza kama CD, kwa sababu ndani yake imebeba programu za Windows. Mpaka itumiwe ujumbe maalumu ndipo inajitoa na kurudi upya kama modemu, mara nyingi ikiwa na namba nyingine kabisa ya bidhaa. Nikaweka daftari. Kila modemu iliyopita mikononi mwangu niliandika namba zake kabla na baada ya kubadilika, na violesura vyake kimoja kimoja: kipi ni cha amri za AT, kipi cha uchunguzi, kipi cha mtandao, kipi kadi ya kumbukumbu. Haikuchukua muda nikaona jambo lililonikaa moyoni. Modemu mbili zenye rangi moja, jina moja na namba ileile ya bidhaa, ukizifungua maelezo yake hazifanani. Kwenye moja kiolesura namba tatu ni mlango wa amri, kwenye nyingine ni hifadhi. Kiwandani walibadilisha programu ya ndani, namba wakaiacha vilevile.

Daftari lile ndilo lililonifungulia mlango wa keneli. Nilipoanza kupitia viraka vya wengine, nilikuwa na ushahidi mezani, na msimamizi anayeishi mbali, asiyenijua kwa sura wala kwa ukoo, alinisikiliza kwa sababu nilimwonyesha maelezo kamili ya kifaa.

Sasa tazama mstari wa mwenzako. Ametumia USB_DEVICE, yaani namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, basi. Kwenye USB keneli huzifunga draiva kwa kila kiolesura peke yake, na USB_DEVICE inaviita violesura vyote vya kifaa hicho. Option yenyewe ina hekima kidogo: ikikuta kiolesura cha aina ya hifadhi inakiacha, ili isiibebe ile CD ya bandia. Zaidi ya hapo inachukua. Kama modemu yenu ina kiolesura cha mtandao cha QMI, hicho ni haki ya qmi_wwan. Option ikikishika kwanza, mtandao hautainuka. Na kibaya zaidi, nani atashika kwanza inategemea draiva ipi ilipakiwa mapema, kwa hiyo mashine itafanya kazi leo mezani kwa mwenzako, na kesho ikiwashwa kijijini kwa mteja wenu haitafanya. Mtu wa Garissa mwenye kisanduku chenu cha kupima umeme wa jua atakizima na kukiwasha mpaka achoke, atailaumu kampuni ya simu, ataulaumu mnara, atambadilisha fundi. Hatajua kamwe kwamba kuna mstari.

Ndiyo maana namtaka mwenzako alete matokeo ya lsusb -v au yaliyomo kwenye /sys/kernel/debug/usb/devices, modemu ikiwa imechomekwa, na yaandikwe ndani ya maelezo ya kiraka chenyewe. Mkae wawili mvipitie violesura vyote. Mkikuta chenye aina ff, aina ndogo 42 na itifaki 01, hicho ni cha ADB na si mlango wa modemu, kiachwe. Cha mtandao kitengwe kwa alama ya RSVD ili option isikishike, au afadhali mstari uandikwe upya kwa USB_DEVICE_AND_INTERFACE_INFO ili ulenge aina ya kiolesura mnachokitaka na si kingine. Kama modemu ina hali zaidi ya moja, aonyeshe kila hali. Na kama atakuambia, "lakini mimi nimeijaribu ikafanya kazi", muulize ameijaribu vipi. Wengi hujaribu kwa kuandika namba kwenye new_id ya option1, jambo zuri kwa uchunguzi wa haraka, lakini njia hiyo nayo huvialika violesura vyote. Kwa hiyo haithibitishi kwamba mstari umelenga sawasawa.

Mwanangu, neno ninalotaka ulizoee kuliuliza ni hili: umejuaje? Umejuaje kwamba namba hii ni ya kifaa hiki peke yake? Kuuliza si ujinga, na mkaguzi asiyeuliza hajakagua. Namba si mwenyewe. Mwaka 2014 dunia nzima ililiona hilo. Vipande vya kubadilisha USB kuwa mlango wa serial vya FTDI, vyenye namba 0403:6001, vilikuwa vimeigwa sana, na vya kuiga vilijitaja kwa namba ileile. Mwezi wa Oktoba draiva rasmi ya Windows ikaanza kuvibadilisha vya kuiga namba ya bidhaa kuwa 0000, vikawa havitambuliki tena. Aliyeumia ni mtu aliyenunua kebo dukani kwa nia njema, asiye na njia ya kujua kilichomo ndani ya plastiki. Kwenye Linux jibu lilikuwa kuongeza mstari mmoja kwenye draiva ya ftdi_sio, kuikubali namba 0000 chini ya mtengenezaji 0403, ili kebo za watu zirudi kazini. Mimi uamuzi ule naukubali kwa moyo wote. Mwenye kifaa ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Utakutana pia na viraka vinavyoitambua kompyuta nzima kwa maneno yaliyoandikwa na kiwanda kwenye DMI, ili kurekebisha kasoro ya mashine fulani. Hapo kuwa macho mara mbili. Kompyuta nyingi za bei nafuu zimeachwa na maneno "Default string" au "To Be Filled By O.E.M." kwa sababu kiwandani hakuna aliyejaza. Ukikubali kiraka kinachotambua mashine kwa maneno hayo, umerekebisha moja na kuzigusa nyingine nyingi zisizo na tatizo lile. Na DMI_MATCH hutosheka na sehemu ya neno. Anayetaka neno zima atumie DMI_EXACT_MATCH. Nimeona viraka vizuri vya skrini za kugusa ambapo mwandishi, alipoona maneno ni ya jumla mno, aliongeza tarehe ya BIOS kwenye vigezo na kueleza kwa nini. Kazi ya namna hiyo iheshimu unapoiona, na umwambie mwandishi.

Kwa upande wa bodi zenu za ARM sina mengi. Lile neno la compatible kwenye device tree likishaingia ni ahadi, halibadilishwi, kwa hiyo liwe la chipu yenyewe hasa na lisiwe na xx za kujaza nafasi, na liwe limeandikwa kwenye nyaraka za bindings kabla draiva haijalitumia. Angalia pia mambo madogo: jedwali limalizike kwa safu tupu, la sivyo keneli itaendelea kusoma kisichokuwa chake; MODULE_DEVICE_TABLE iwepo, maana ikikosekana draiva itafanya kazi kwa aliyeipakia kwa mkono tu, na kwa mteja haitajipakia; na namba inayotumika kwenye draiva moja isijazwe kwenye pci_ids.h. Hayo utayazoea.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nalisema kama mjomba wako. Najua huko mnaharakishwa. Meneja ana tarehe yake, na mwenzako ni rafiki, na wewe ni mgeni katika nafasi hii, msichana peke yako kwenye timu, hutaki kuonekana unaweka vizuizi. Nakuelewa. Lakini Reviewed-by ina maana iliyoandikwa kwenye nyaraka za Linux. Unatamka kwamba umefanya ukaguzi wa kiufundi, kwamba uliyoyaona yamefikishwa kwa mwandishi, na kwamba hakuna kasoro unayoijua inayofaa kukizuia kiraka kisipokelewe. Jina lako litakaa kwenye historia ya Git kwa miaka, hata ukishahama kazi hiyo. Kama umejaribu tu kwenye mashine, kuna Tested-by, ni heshima kamili, itie hiyo. Kama hujapata muda, kaa kimya, hakuna atakayekulaumu kwa jina ambalo halipo. Meneja akikubana, mwambie kwa upole kwamba kiraka chenye ushahidi hupokelewa upesi na kisicho nacho hurudishwa, na huo ni ukweli mtupu. Akiendelea kukubana, nipigie.

Na mwenzako usimwandikie kwa ukali. Amejitahidi, na pengine hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mpigie simu kwanza, kisha maandishi yafuate, ili asome maneno yako akiwa ameshasikia sauti yako. Anza na unachokipenda kwenye kiraka chake.

Kwa hiyo kesho fanya haya. Mwombe matokeo ya violesura katika kila hali ya modemu. Chukueni kisanduku kimoja, mkizime na kukiwasha mara kadhaa, na kila mara mwangalie kwa lsusb -t ni draiva ipi imeshika kiolesura kipi. Nitumie picha ya matokeo kabla ya Ijumaa, niyatazame pamoja nawe. Ukija arusini niletee modemu moja ya akiba kama kazini wataruhusu, nataka kuiandika daftarini, na usisahau dawa ya macho ya bibi ile ambayo huku haipatikani. Jina lake mama yako atakutumia.

Wasalimie wote huko.

Mjomba wako,
Salim